Kitanzi cha Gololi: Shajara ya Klabu ya Sayansi, Wete

Jumamosi, 8 Februari

Swali limekuja na simu. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu ana ami yake Abu Dhabi, na ami huyo kamtumia video ya rolakosta: gari refu la viti, abiria wamefungwa mabegani, linapandishwa mlima wa chuma, linaachiwa literemke, kisha linaingia kwenye kitanzi na wote wanakwenda kichwa chini miguu juu. Mtoto akanisubiri nje ya darasa mpaka kipindi kimalizike. "Maalim, hawa mbona hawaanguki?"

Nikampa chaki. Nikamwambia achore abiria mmoja akiwa juu kabisa ya kitanzi, kisha aweke mshale kwa kila kani, yaani kila msukumo au mvuto, inayomshika. Akachora mshale kwenda chini, akaandika "uzito". Akachora wa pili kwenda juu, mrefu kuliko wa kwanza, akaandika "kani inayomtupa nje". Wenzake waliokuwa wakichungulia dirishani wakamuunga mkono.

Nimerudi nyumbani nikiufikiria mshale ule wa pili. Hakuutoa hewani. Kila anayepanda gari ya Chake Chake anaujua: dereva akikata kona kwa kasi, unamlalia jirani yako wa upande wa nje. Mwili umetoa ushahidi na mtoto kauandika kama alivyoambiwa. Ila ushahidi wenyewe una kasoro. Kwenye kona hakuna anayekusukuma nje. Gari inageuka, wewe unataka kuendelea kule kule ulikokuwa ukielekea, na ubavu wa gari unakujia na kukusukuma ndani. Nikimweleza hivyo kwa maneno ataandika daftarini, atanijibu hivyo hivyo kwenye mtihani, na moyoni atabaki na mshale wake. Nataka auone.

Kwa hiyo klabu ina kazi mpaka mwezi wa tano. Rolakosta ya kupindua watu hatuna hapa Pemba. Tunavyo gololi, mpira wa kumwagilia maji, kamba, miembe na simu. Sharti tuliloweka leo ni moja: kila namba inaandikwa, hata ile iliyotuangusha.

Jumamosi, 15 Februari

Mizani tumeiazima dikoni, kwa muuza samaki. Ni ile ya springi inayoning'inizwa, yenye ndoano chini na uso wa mviringo, inapima mpaka kilo 10. Mwenyewe akatuambia, "Nirejesheeni kabla ya laasiri, mashua zitakuwa zishaingia."

Tukaifunga kwenye tawi la mwembe ulio nyuma ya ofisi ya walimu, tukaning'iniza jiwe la kilo 2 ndani ya kiroba kwa kamba ya mita 1. Likiwa limetulia, mizani inasoma 2. Mpaka hapo hakuna aliyeshangaa.

Kisha tukalivuta jiwe pembeni mpaka kamba ikafanya pembe ya nyuzi 60, tukaliachia. Sindano ya mizani ilipanda na kushuka haraka kuliko jicho, ikabidi tuchukue video na kuitazama taratibu. Jiwe lilipopita chini kabisa, sindano ilikuwa kwenye 3.8.

Jiwe ni lile lile. Hakuna aliyeongeza kitu kirobani. Watoto wakaangalia video mara nne.

Hesabu tuliifanya hapo hapo chini ya mwembe, kwa kijiti mchangani. Kutoka nyuzi 60, jiwe linashuka nusu ya urefu wa kamba, yaani nusu mita. Mraba wa kasi ni 2 × 9.8 × 0.5, sawa na 9.8; ile 9.8 ya kwanza ni ya mvuto wa ardhi, kwa mita na sekunde. Ili jiwe lifuate duara badala ya kutoroka moja kwa moja, linahitaji mchapuko, yaani kubadilika kwa mwendo, wa kuelekea kitovu, na huo ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa nusu kipenyo: 9.8 kugawanya kwa 1. Kumbe ni sawasawa na mvuto wa ardhi. Kwa hiyo kamba ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kulibeba jiwe. Ya pili ni kulikunja njia yake lianze kupanda. Kila kazi ni ya kilo 2, jumla 4. Sisi tumepata 3.8 kwa sababu springi inachelewa kidogo na upepo ulikuwepo.

Tukajaribu kamba ikiwa imelala kabisa, nyuzi 90. Hesabu inataka mara 3, yaani 6. Tumepata 5.5. Kwa kuwa mkono unayumba wakati wa kuachia, nimeridhika nayo.

Mmoja akasema kamba ndefu itatoa zaidi, kwa kuwa jiwe litashuka zaidi. Tukafunga ya mita 2. Namba ikabaki pale pale karibu na 4. Kasi imeongezeka, lakini na duara limekuwa pana, na viwili hivyo vinafutana. Hili lilinifurahisha kuliko yote ya leo, maana hakuna aliyeliamini mpaka alipoliona. Mizani ilirejea dikoni kabla ya adhana.

Jumamosi, 22 Februari

Leo simu. Tumeweka phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayosoma vipimo vya ndani ya simu. Simu ikiwa juu ya meza, imetulia, inasoma mchapuko wa 9.8. Swali likaja papo hapo: kitu hakiendi popote, mchapuko unatoka wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yetu, kwa hiyo nilikaa napo. Kipimo cha ndani ya simu hakijui mvuto wa ardhi. Kinajua kusukumwa. Meza inaisukuma simu kwenda juu kwa kiasi cha kuizuia isianguke, na hicho ndicho kinachosomwa. Sisi nasi tuko hivyo hivyo. Hakuna kiungo mwilini kinachohisi ardhi ikituvuta. Tunahisi sakafu chini ya nyayo na kiti chini ya makalio. Tunachokiita uzito wetu, kwa hisia, ni msukumo wa kiti.

Kuthibitisha, tukaliweka godoro la usufi chini na kuiangusha simu kutoka mita 1.2. Grafu ikalala karibu na sifuri kwa muda wa nusu sekunde hivi, kisha ikaruka juu simu ilipogonga godoro. Hesabu ya kuanguka mita 1.2 inatoa sekunde 0.49. Ardhi haikuacha kuivuta simu hata kidogo katika nusu sekunde ile. Kilichokosekana ni meza.

Wawili kati yao wakapewa kazi ya nyumbani: kupanda gari kwenda Chake na kurudi, simu imelala juu ya paja. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na kila mmoja wetu anakijua kile kilima ambacho gari ikikivuka kwa kasi tumbo linapanda kooni. Wamerudi na grafu nzuri. Kwenye mgongo wa kilima kimoja simu ilishuka mpaka 6.9, na bondeni ikapanda mpaka 13. Gari ilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa, wamesoma wenyewe mbele kwa dereva. Tukafanya hesabu kinyumenyume: 9.8 kutoa 6.9 ni 2.9. Kasi ya mita 13.9 kwa sekunde, mraba wake 193. Gawanya kwa 2.9, unapata karibu 67. Kwa hiyo mgongo wa kilima kile ni kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 67. Tumepima kilima cha barabarani kwa tumbo la abiria.

Wenye rolakosta wanakitengeneza kilima cha namna hiyo kwa makusudi. Wanakikunja kwa umbo lile lile ambalo jiwe lililorushwa lingelifuata angani, ili kiti kisipate nafasi ya kumsukuma abiria hata kidogo kwa sekunde moja au mbili. Abiria anahisi anaelea.

Ramadhani, wiki ya kwanza

Mchana hatukutani. Usiku baada ya tarawehe nasoma, na hapa naandika niliyoyapata ili tukikutana tena niwe nayo.

Chanzo cha michezo hii ni barafu. Huko Urusi, tangu karne ya 17, watu walijenga milima ya mbao, wakaimwagia maji yakaganda, wakateleza. Wafaransa mpaka leo wanaiita rolakosta "milima ya Kirusi". Marekani, LaMarcus Thompson alifungua reli yake Coney Island, New York, mwaka 1884. Ilikuwa inakwenda kilomita 10 kwa saa hivi, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka.

Kitanzi kilifika hapo hapo Coney Island mwaka 1895. Kiliitwa Flip Flap, na kilikuwa duara kamili, kipenyo mita 7 na nusu hivi. Inatajwa kwamba kilifikisha mara 12 ya uzito wa abiria. Watu walitoka na shingo zimeumia.

Kwa nini shingo? Nimekaa na karatasi usiku wa leo. Kwenye duara lisilo na msuguano, gari linalopita juu kwa kasi ndogo kabisa ya kutoanguka linahitaji mraba wa kasi sawa na g, ile 9.8 ya mvuto wa ardhi, mara nusu kipenyo. Likishuka mpaka chini limeteremka nusu kipenyo mara mbili, mraba wa kasi unakuwa mara 5 ya ule. Ongeza kazi ya kulibeba, kiti kinamsukuma abiria mara 6 ya uzito wake. Haijalishi duara ni dogo au kubwa, kama ilivyokuwa kwa kamba ya mwembe. Na hiyo ni kwa kasi ndogo kabisa inayowezekana. Mhandisi anayetaka usalama huongeza kasi, na namba inapanda.

Nikaenda kwenye damu. Ubongo uko kama sentimita 30 juu ya moyo. Safu ya damu ya urefu huo ina shinikizo la milimita 23 za zebaki. Moyo wa mtu mzima mwenye afya unasukuma kwa presha ya 120 juu, kwa hiyo kwa kawaida inabaki ya kutosha kufika kichwani. Sasa mpe abiria mara 5 ya uzito: safu ile ile ya damu inakuwa 115. Kinachobaki ni 5. Macho yanaanza kuona kijivu, na hali ikiendelea mtu anazirai. Wake zetu na mama zetu wanaijua presha kwa namba kuliko sisi tunavyoijua fizikia, na nadhani kwa mfano huu nitawaeleza wazazi siku ya maonesho.

Mwaka 1901 Edwin Prescott alijenga kingine Coney Island, akakirefusha kiwe kama yai ili kupunguza adha. Baada ya hapo vitanzi vikalala kwa miongo mingi. Vilirudi 1976, California, kwenye rolakosta iitwayo Revolution, kazi ya Wajerumani wawili: Anton Schwarzkopf aliyeijenga na Werner Stengel aliyeipigia hesabu. Kitanzi chao si duara. Chini kimefunguka, juu kimebana, mfano wa tone la maji lililogeuzwa.

Ami wa Abu Dhabi naye kaleta habari yake kupitia kwa mwanawe wa huku. Kapanda rolakosta iitwayo Formula Rossa, ya bustani ya michezo ya Ferrari World huko huko, iliyofunguliwa 2010, kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde zisizofika 5. Haina kitanzi hata kimoja. Nimepiga hesabu: mgongo unasukumwa mara 1.4 ya uzito kwa sekunde hizo, basi. Ikishafika 240 na njia ikanyooka, mgongo hauhisi lolote. Abiria wanavalishwa miwani kwa ajili ya upepo. Kasi peke yake mwili hauioni. Mwili unaona kasi ikibadilika, au njia ikikunjwa.

Sikukuu ya pili

Watoto wa mtaani wamekwenda Tibirinzi, kwenye uwanja wa kufurahishia watoto. Waliobaki wamefungiwa pembea kwenye mwembe wa kwa bibi. Nikamtia mpwa wangu simu kwenye mfuko wa kanzu mpya na kuifunga kwa pini. Grafu ilipanda na kushuka kama mawimbi: 19 chini, karibu na 5 kwenye ncha. Karibu mara mbili, sawa na jiwe letu la Februari. Bibi kaiangalia grafu, akaniuliza hili ndilo linalomfanya mjukuu wake acheke? Nikamwambia ndilo.

Jumamosi, 12 Aprili

Masika imeanza kwelikweli, tunafanyia kazi ukumbini. Mpira wa maji tumeupasua kwa wembe katikati urefu wote, ukawa mfereji. Kitanzi tumekifunga kwa waya kwenye ubao wa plaiwudi, duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15, tukipima kwenye njia ya kati ya gololi.

Kitabu kinasema kitu kinachoteleza bila msuguano kinahitaji kuachiwa kutoka urefu wa mara 2.5 ya nusu kipenyo. Kwetu ni sentimita 37.5. Tukaachia gololi kwenye 38. Ikapanda, ikafika kama kwenye namba 10 ya uso wa saa, ikaachana na mpira na kuanguka. Mara kumi, mara kumi imeanguka.

Niliwaacha wabishane. Wakasafisha mfereji, wakabana waya, wakabadilisha gololi. Mmoja akagundua kwa kuweka alama ya kalamu ubavuni mwa gololi: "Maalim, hii inajizungusha." Naam. Kitabu kimesema kuteleza, gololi yetu inabingirika. Gololi inayobingirika, katika kila mafungu 7 ya nishati iliyopewa na mteremko, mafungu 2 inayatumia kujizungusha, 5 tu ndiyo yanayoipeleka mbele. Ukilihesabu hilo, urefu unaotakiwa ni mara 2.7, yaani 40.5.

Tukaweka 41. Ikaanguka. Tukaweka 45. Ikaanguka, ingawa karibu na kilele. Kwenye 49 ikapita mara tatu kati ya kumi. Kwenye 50 ikapita mara tisa. Ukumbi ulijaa kelele.

Kati ya 40.5 na 50 ndipo penye msuguano, na mpira wenyewe, ambao unanepa gololi ikipita na kula nishati. Hawa wajenzi wakubwa nao wanalipa kodi hiyo. Rolakosta ya Kingda Ka, New Jersey, iliyosimama tangu 2005 mpaka ilipobomolewa 2025, ilikuwa na mnara wa mita 139 na ilirushwa kwa kilomita 206 kwa saa. Kasi hiyo, bila upepo wala msuguano, ingetosha kupandisha gari mita 167. Tofauti ya mita 28 ililiwa na upepo na magurudumu, na kidogo ikabaki ili gari livuke kilele. Zipo siku halikuvuka, likarudi nyuma, na breki za chini zilikuwepo kulipokea.

Mwanafunzi mwingine, mdogo kuliko wote klabuni, akauliza mbona tusitumie kitu kinachoteleza kweli. Akakimbia dukani akarudi na barafu. Tukachonga kipande kiingie mfereji. Kwenye 44 kikapita mara mbili kati ya tano, kisha kikayeyuka na kuchafua kila kitu. Gololi kwenye 45 ilikuwa haipiti. Barafu haijizungushi. Sijawahi kuwaona wakiandika namba kwa furaha kama hii.

Jumamosi, 19 Aprili

Kupima kani ndani ya kitanzi. Gololi haiwezi kubeba simu, kwa hiyo tumepima kasi. Simu ya mzazi mmoja inachukua picha 240 kwa sekunde. Tumeweka alama mbili zenye umbali wa sentimita 10 chini ya kitanzi, na mbili juu, tukaachia gololi kwenye 50 na kuhesabu picha.

Chini: picha 10. Hiyo ni mita 2.4 kwa sekunde. Mraba wake 5.76, gawanya kwa 0.15, unapata 38.4. Ongeza 9.8 ya kuibeba. Jumla 48.2, karibu mara 4.9 ya uzito wa gololi.

Juu: picha 19. Mita 1.26 kwa sekunde. Mraba kugawanya kwa 0.15 ni 10.6. Hapa mvuto wa ardhi unaelekea kitovu, kwa hiyo unasaidia kazi ya kukunja njia, na mpira unamalizia kilichobaki: 10.6 kutoa 9.8, sawa na 0.8. Hata moja ya kumi ya uzito haifiki.

Kutoka mara 4.9 mpaka karibu na sifuri ndani ya kufumba na kufumbua. Tofauti yetu ni 4.8, na hesabu ya gololi inayobingirika kwenye duara inadai 4.86. Gari la magurudumu mepesi lingepata 6. Nimewaonesha ubaoni zile hesabu za damu, na binti mmoja akasema taratibu, "Basi juu hawaanguki, ila chini ndiko wanakoumia."

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya Muungano, skuli imefungwa, klabu imekuja yote.

Tone la maji tulilichora kwa kamba na misumari. Kanuni ya Stengel ni njia ianze kukunjwa kidogo kidogo: kila unavyosonga mbele, nusu kipenyo kinapungua. Ndivyo wanavyofanya pia wajenzi wa reli na barabara kubwa kabla ya kona, ili msukumo uje polepole na usimshtue abiria. Duara la 1895 lilikuwa na aibu nyingine hapo: njia imenyooka, ghafla imekunjwa, na shingo haikupewa muda wa kujiandaa. Fundi seremala wa jirani alitukatia plaiwudi kwa mchoro wetu bila kutaka malipo. Kitanzi kimebaki na urefu ule ule wa sentimita 30, ila chini kina nusu kipenyo cha 30, na juu 10.

Kutoka 50, gololi ile ile, kasi zile zile. Chini: 5.76 kugawanya kwa 0.30 ni 19.2, ongeza 9.8, tumepata 29, yaani mara 3. Juu: 16 kutoa 9.8 ni 6.2, zaidi ya mara 0.6. Chini, kutoka mara 4.9, pamepungua karibu mara mbili nzima za uzito, na juu, palipokuwa pananing'inia kwenye uzi, gololi sasa imebanwa vizuri. Tukashusha mwanzo mpaka 46 na bado inapita, mara nane kati ya kumi.

Waliuliza tena: je, gari likipungua kasi juu, si wataanguka? Hapo nikawaeleza magurudumu. Gari la rolakosta halikai tu juu ya reli. Lina magurudumu ya juu ya reli, ya ubavuni, na ya chini ya reli, yanaikumbatia kama mkono unavyoshika bomba. Yale ya chini mjenzi wa rolakosta John Miller aliyasajili 1919, na ndiyo yanayolizuia gari lisiruke kwenye vilima. Kwenye kitanzi kilichopimwa vizuri, hata mkanda wa abiria haufanyi kazi ya kumbeba, kiti ndicho kinachomkandamiza. Mkanda upo kwa ajili ya siku ambayo hesabu haikutimia.

Jumamosi, 3 Mei

Maonesho. Wazazi wamekuja wengi, mvua ilitupisha. Muuza samaki naye alikuja na mizani yake, akaning'iniza jiwe mwenyewe, akaomba video aitume kwa watu wake Mkoani. Maelezo ya presha yaliwashika akina mama kama nilivyotaraji. Mmoja aliniuliza kama mwenye presha ya kushuka apande au asipande. Nikamjibu asipande bila kumuona daktari.

Mwisho, yule binti wa video aliitwa ubaoni mbele ya watu. Ule mchoro wake wa Februari niliupiga picha siku ile, nikaurudisha ubaoni kama ulivyokuwa, mishale yote miwili. Nikampa kifutio na chaki, nikarudi nyuma.

Alisimama kidogo. Akaufuta mshale wa kwenda juu. Akachora mwingine kwenye kiti, kwenda chini, mfupi kuliko wa uzito, na pembeni yake akaandika "kiti". Mishale miwili, yote chini, kuelekea katikati ya kitanzi. Baba mmoja kutoka nyuma akamwita, "Mwanangu, mbona vyote vinamvuta chini, na bado haanguki?"

"Anaanguka, baba," akamjibu. "Anaanguka, ila anakwenda mbele kwa kasi, na njia nayo inakunjika pamoja naye." Akachukua gololi, akaiweka kwenye 46, akaiachia.